Nyuzi Mbili na Taa ya Njano

Mama alinipigia simu nikiwa Mbeya akaniambia nikienda nyumbani nimpelekee taa ya kuchaji. Kisha akaongeza, "Na usiifikirie sana. Taa ni taa."

Alisema hivyo kwa sababu ananijua. Tangu nimalize chuo nilikuwa nimepanga chumba Mbeya, natuma maombi ya kazi, na kila tangazo nalisoma na kulirudia nikitafuta mtego uliofichwa ndani yake. Yeye anaishi Kilolo, na kazi yake ni kufuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono. Msimu ule alikuwa amepewa kazi na shule ya bweni: masweta ya bluu iliyokoza, yawe tayari kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo. Hakuwahi kupewa shule nzima. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya fundi wa Iringa mjini mwenye mashine kubwa za umeme, na shule ilimwambia mama wazi kwamba akiharibu, itarudi kwa fundi yule. Mvua zilikuwa zimeanza. Umeme ulikatika siku hadi siku, na kule kwetu ukungu ukishuka, hata mchana unapapasa ukuta ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mama alihitaji kuona anachofuma.

Kwa hiyo nilijitahidi nisiifikirie sana. Nikashindwa kwenye duka la kwanza.

Boksi la taa lilisema inawaka usiku kucha. Kwenye duka la jirani, taa ileile, boksi lilelile, ilikuwa inawaka usiku mbili.

"Hii inakaa kwa muda gani?" nilimuuliza muuzaji.

"Inakaa."

"Najua inakaa. Kwa muda gani?"

"Dada, inakaa mpaka uichoke wewe."

Nyuma ya taa hiyo kulikuwa na kioo cheusi cha sola. Muuzaji akaitoa nje kwenye jua kunionyesha kidoa chekundu kinachomaanisha inachaji. Nikakifunika kioo chote kwa kiganja. Kidoa kikaendelea kuwaka. Nikakifunika kwa viganja viwili, kikawaka vilevile.

"Mbona inachaji na jua hailioni?"

Muuzaji alifikiri kidogo. "Mikono yako ina joto," akasema.

Mwingine alinishikisha taa ya kuning'iniza yenye ndoana juu. Akasema hiyo ni ya watalii, wanalala nayo kwenye mahema mlimani, mvua inaipiga na yenyewe haina habari. Nikamuuliza, kama ni ya watalii, imefikaje kwenye meza yake? Akanitazama juu hadi chini. "Na wewe umefikaje kwenye meza yangu?"

Nilirudi chumbani mikono mitupu na kuanza kusoma kwenye simu, na huko ndiko nilikoharibikiwa zaidi. Mtu mmoja, sijui nani, alikuwa ameandika kwamba mwanga mweupe unaumiza macho na kufukuza usingizi, na kwamba mtu anayefanya kazi za kukazia macho atafute mwanga wa njano. Nilimfikiria mama ameinamia mashine yake. Nikazifikiria taa zote nilizoziona, na zote zilikuwa nyeupe. Zikaanza kunitisha. Kwa nini wote wauze nyeupe? Nani aliwaambia?

Nilizunguka mpaka nikapata ya njano, kwenye duka la mtu anayeuza pia redio na vipuri vya majiko. Alilazimika kuitafuta chini ya kaunta na kuifuta vumbi.

"Hiyo?" akaniuliza. "Hiyo njano hiyo? Watu wanasema inafanana na koroboi."

"Naitaka."

Alifurahi waziwazi, na furaha yake ikanitia shaka. Nikamuuliza anafurahia nini.

"Dada yangu, nafurahi kwa sababu unakaribia kuondoka."

Chumbani niliitesa. Niliizamisha kwenye ndoo ya maji. Niliiangusha kwenye godoro, kisha kwenye sakafu. Niliiwasha na kuiacha mpaka niliposinzia, na nilipozinduka ilikuwa bado inawaka, inanitazama. Kioo chake cha sola nilipokifunika kidoa kilizimika, kama inavyotakiwa. Ilifaulu kila mtihani nilioweza kuuwaza, na hilo lenyewe likanisumbua.

Kwenye basi nilipakata boksi. Kila tulipoingia kwenye ukungu nililifunua kidogo nikachungulia kama kuna unyevu. Tulipopita Nyololo, mama mmoja aliyepandia njia panda ya Rujewa na mchele wake alishindwa kuvumilia.

"Umebeba kifaranga?"

"Taa."

"Basi mwache apumzike," akasema, akageukia dirishani.

Mama naye alipoiona ikiwaka alikunja uso. "Mbona taa yako ina homa ya manjano?"

Nikamweleza habari za macho. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo analolifanya akiwa amekwishaamua kunipenda siku hiyo, kisha akaitundika kwenye msumari juu ya mashine. Alikuwa amemaliza vifua na migongo ya masweta yote. Imebaki mikono. Siku ileile alikuwa ametoka Iringa na salfeti ya nyuzi: koni za bluu za hiyo mikono, na idadi ileile ya nyeusi za masweta ya kwaya ya kanisani, ambayo angeyafuma baadaye. Mwenye duka alikuwa amezitia zote kwenye salfeti moja, nasi tukakaa chini kuzitenganisha. Nje ukungu ulikuwa umekaa mlangoni kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Nyeusi alizitia mwisho," mama akasema, "kwa hiyo ziko juu."

Koni zile hazina lebo. Alitoa za juu, nusu nzima, akazisogeza moja moja karibu na taa, akasema, "Ee, nyeusi," na mimi nikazipanga kwenye mfuko wa nailoni. Kisha zilizobaki: "Bluu. Bluu. Bluu." Nami niliona hivyohivyo. Ukiambiwa ni nyeusi unaiona nyeusi, ukiambiwa bluu unaiona bluu. Mfuko wa kwaya tukauweka juu ya kabati, na mama akaanza mikono.

Ukungu ulikaa siku kadhaa, na umeme ulikuja na kuondoka bila salamu. Alifuma kwa taa yangu, anasukuma kigari cha mashine kwenda na kurudi, na mimi nashona mikono kwenye mabega. Mwanga ulikuwa mtulivu, macho hayakumuuma. Nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nivae joho, kama mtu aliyefanya uamuzi mmoja mzuri.

Kisha kukapambazuka na jua kali, na mama akatoka na masweta ya kwanza kuyaanika kwenye kamba ili yatoke harufu ya nyumba. Nikasikia akiniita. Hakupaza sauti, ndipo nikajua kuna jambo.

Vifua vilikuwa bluu. Mikono ilikuwa myeusi. Yote. Yalining'inia pale kama watoto waliochanganyiwa viungo.

Mama alishika mkono mmoja wa sweta akauachia. Akashika mwingine.

"Mzee ameniuza," akasema.

Mzee ni mwenye duka la nyuzi, Iringa mjini. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na mpaka leo Kiswahili cha dukani mwake ni kingine kabisa, sio hiki chetu cha kuchanganya na Kihehe. Mama amenunua kwake tangu mimi nabebwa mgongoni. Yeye humchagulia koni zilizopikwa rangi siku moja ili sweta lisiwe na mistari, na mama hakuwahi kufungua salfeti mbele yake kuhakiki. Sasa alisimama chini ya kamba akisema ametiliwa nyeusi kwa makusudi mahali pa bluu.

Ningeweza kumtuliza. Badala yake akili yangu iliamka kama mbwa aliyesikia hatua. Fundi wa mashine kubwa ananunua wapi nyuzi? Dukani kwa mzee huyohuyo. Nani anafaidika mama akiharibu? Kwa nini salfeti moja na sio mbili?

"Labda wamepanga," nikasema.

Mama aliniangalia. Hakuwa amefika huko. Mimi ndiye niliyempeleka. "Labda," akasema taratibu, na akaanza kuyakunja masweta mawili ya ushahidi.

Tulishuka Iringa tukiwa tumenuna. Taa nilikuwa nayo kwenye kikapu. Sikutaka kuiacha nyumbani, jirani yetu alishaisifia zaidi ya nilivyopenda.

Mzee alitupokea kwa furaha. "Kamwene!" alimsalimu mama kwa lugha yetu, kama anavyomtania siku zote.

Mama hakuitikia. Aliweka sweta juu ya meza, pale mlangoni penye mwanga. "Soma mwenyewe."

Mzee akalinyanyua. "Mtindo gani huu?"

"Unaniuliza mimi? Nilikuomba bluu ya mikono. Umenitilia nyeusi."

"Mimi nikuchanganyie nyuzi? Ili nipate nini, bibi wee?"

"Unajua mwenyewe utakachopata."

"Labda kuna mteja mwingine aliyezihitaji hizo bluu," nikadakia.

Mzee alinigeukia polepole. "Huyu ndiye msomi?"

"Ndiye," mama akasema.

"Kasomea upelelezi?"

"Biashara."

"Basi ndiyo maana hapati kazi. Biashara yenyewe anaishuku." Akaweka sweta chini, na utani ukamtoka usoni. "Miaka yote hii, bibi, nikikuwekea kando nyuzi, watu wananiomba nawaambia hizi zina mwenyewe. Leo unaniletea sweta mezani kama polisi kaleta kisu."

"Mikono imejifuma yenyewe?"

"Nyuzi zako zilitoka kwenye salfeti iliyoko humo ndani mpaka sasa. Nakuletea uzione. Ikiwa zipo nyeusi ndani ya bluu, nimekosa mimi, na usinunue kwangu tena. Ikiwa hazimo, sitaki kukuona."

Mama hakurudi nyuma. "Sawa."

Nilikuwa nimelea mashaka yangu kama mchezo wa kichwani, na sasa yalikuwa yamesimama mezani, kati ya watu wawili wanaofahamiana kuliko ninavyowafahamu mimi. Akikosa duka hili, mama hana nyuzi. Asipokuwa na nyuzi, hana shule.

Mjini nako umeme ulikuwa umekatika. Stoo ya mzee haina dirisha. Akachungulia giza, akaanza kulalamikia simu yake isiyo na chaji. Nikatoa taa kwenye kikapu nikamwashia.

"Kumbe mmekuja na vifaa," akasema, akaingia.

Tulimsikia akisogeza salfeti na kuguna. Kisha akatoka, koni ameinyanyua juu, sauti imemrudia.

"Haya! Daki bluu yako hii hapa! Kutoka katikati ya salfeti! Semeni sasa!"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Koni mkononi mwake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani.

Mzee aliishusha, akaigeuza, akaipeleka karibu na pua. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na mbili. "Nyeusi," akasema akinyoosha mkono wa kushoto. "Bluu," akanyoosha wa kulia. Akazitazama mwenyewe. Zote nyeusi.

"Nimekuwa kipofu?" aliuliza, na mara hii alikuwa anauliza kweli.

Mama alimtazama mzee, akanitazama mimi, kisha macho yake yakatua kwenye taa. Nikaichukua taa mkononi mwa mzee, nikachukua koni nyeusi na kipande cha kifua cha sweta, nikaingia stoo. Mle ndani, chini ya mwanga ule mzuri usioumiza macho, vilikuwa rangi moja. Nikapiga hatua hadi mlangoni, vikaachana. Nikarudi ndani, vikaungana. Salfeti zote mbili alizofungua mzee zilikuwa za nyeusi, na kwa mwanga ule asingeweza kujua.

"Mama," niliita kutoka gizani, "zile za kwaya, juu ya kabati, ulizitazama tena?"

Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na mama akikaa.

"Ndizo bluu," akasema. "Itakuwa salfeti iligeuka kwenye gari. Za juu zilikuwa bluu."

Nilipotoka alikuwa ameshika kichwa. Mzee alikuwa bado anaangalia koni zake mlangoni, anazigeuzageuza kwenye jua.

"Mzee wangu," mama akasema, "nimekutukana dukani kwako."

"Umenitukana na mtoto wako akakusaidia."

"Nisamehe."

"Wewe ulinisamehe nilipokupa nyuzi za kahawia ukataka za rangi ya damu ya mzee?" Mzee akaketi naye. "Ulininunia mwezi mzima. Nami nitakununia, lakini kwanza kamalize kazi ya watu. Na hiyo taa isirudi humu ndani."

Kisha alikata uzi mweusi kidogo na wa bluu kidogo, akaniviringishia kwenye kidole. "Kanunue nyingine. Ikizitofautisha hizi, ndiyo taa. Isipozitofautisha, hata kama inaimba, iache."

Ndivyo nilivyojikuta nazunguka maduka ya umeme ya Iringa, mwanamke kijana mwenye uzi mweusi na wa bluu kidoleni, naomba kila taa iwashwe kwenye kona ya giza, nainama kutazama kidole changu bila kusema. Sikuwa nimefikiria, mimi ninayefikiria kila kitu, kwamba jambo hilo lina sura yake kwa mtu anayelitazama.

"Dada," muuzaji wa kwanza akasema, "hizo nyuzi ni za nini?"

"Za kupimia taa."

"Taa inapimwa kwa uzi mweusi?" Akaichukua taa yake kutoka mkononi mwangu, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mlevi ufunguo. Kisha akamwita jirani yake: "Shangazi, njoo uone mambo."

Shangazi wa vitenge akaja, akatazama kidole. "Muulize ametumwa na nani."

"Sijatumwa, ni masweta..."

"Hawasemagi," shangazi akamwambia muuzaji. "Mtoe taratibu. Usimguse."

Duka la pili niliambiwa nisifungue vitu vyangu humo ndani. La tatu muuzaji alikubali, ila taa aliishika mwenyewe, ameunyoosha mkono na kugeuza uso, na kila niliponyanyua kidole alirudi nyuma, mwanga ukarudi naye. Taa nyingine ilizigeuza nyuzi zote mbili kuwa za kijivu. Nyingine ilikuwa hafifu mno hata kidole nilikipoteza. Nilianza kutokwa jasho kwenye baridi ya Iringa.

Mwisho nilimkuta kijana mmoja anakula chipsi nyuma ya meza. Nikamweleza yote kabla hajauliza: mama, shule, mikono myeusi. Alifuta vidole, akazivuta nyuzi akaziweka chini ya taa nyeupe ya kawaida kabisa.

"Hii bluu, hii nyeusi," akasema. "Kwani kuna nini?"

Nilizitazama. Zilikuwa zimeachana kama barabara mbili. Niliigeuza taa ile. Ilikuwa ni ileile, yenye kioo cheusi mgongoni, ambayo kila mtu Mbeya alijaribu kuniuzia. Niliitoa nje, nikafunika kioo kwa kiganja. Kidoa chekundu kikaendelea kuwaka bila aibu.

"Sola yake ya uongo," nikamwambia.

"Ya uongo, ndiyo," akasema, akarudi kwenye chipsi. "Chaji ukutani."

Nikainunua kwa sababu alikuwa ameniambia ukweli, na njiani nikaanza kujiuliza kwa nini alikuwa ameniambia.

Mfuko wa juu ya kabati tuliufungulia uani. Bluu tupu. Mama alizihesabu moyoni, akaitikia kwa kichwa kwamba zinatosha. Nilifumua mabega, yeye akafuma, taa mpya kwenye msumari na zile nyuzi mbili nimezifunga kwenye mshikio wake. Kabla ya kila koni alisimama, akalinganisha, ndipo akaanza. Mikono myeusi iliyotoka hatukuifumua. Tuliikunja tukaiweka kando, mama akisema kwaya nao wana mikono. Ile taa ya njano ilihamia jikoni. "Ugali hauna bluu," alisema.

Mwalimu aliyesimamia vifaa vya shule alikuja na gari siku yenye mawingu. Mama alikuwa ameyapanga masweta kwenye mkeka uani, na hakukubali aingie ndani hata alipokaribishwa chai. Mwalimu alichukua moja kutoka katikati. Akauvuta mkono wa sweta akaulaza juu ya kifua chake. Akatazama. Akasogea mahali penye mwanga zaidi, akatazama tena. Mama alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshaona bluu ikibadilika, nikaona nyeusi, nikaona kijani.

"Yule fundi wa mjini," mwalimu akasema, "mikono yake ilikuwa inapauka kabla ya kifua. Hii je?"

"Nyuzi za siku moja," mama akajibu. "Mzee ananichagulia mwenyewe."

Mwalimu akalirudisha sweta kwenye rundo. "Pakieni."

Kwaya ilivaa masweta yake mapya kabla ya Pasaka. Kanisani kwetu ni giza, madirisha madogo, na umeme siku ile haukuwepo. Waliimba wakiwa wamesimama mistari mitatu, na kutoka kwenye benchi langu niliona mikono na vifua vikiwa rangi moja. Sikuamini. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilisogea pembeni, na ulipokwisha nikawahi mlangoni, nikasimama pale kwenye jua nikingoja watoke mmoja mmoja.

Mama alinifuata akanifinya mkono.

"Nyeusi," akaninong'oneza. "Nimeshahakiki. Twende nyumbani."

Nikamruhusu anivute hatua chache. Kisha nikageuka nikawatazama tena.